Wifi Kuruthumu na Bega la Kulwa

Watu walioiona sinema ya Kisasi cha Winde, wakishasikia naishi Mlingotini, wana swali moja tu: "Yule mama wa mchi bado yu hai?" Yu hai, nawajibu, ni wifi yangu, na kama mnamtaka njooni mumchukue, nami nitawafungia virago vyake. Sinema nzima imejaa mapigano. Mtu anarushwa kutoka juu ya paa, mwingine anafukuzwa kwa mapanga mpaka anaingia baharini na suruali yake ya kitambaa. Hao hawaulizwi. Wala hakuna anayeniuliza habari za mume wangu Ishaka, na yeye ndiye aliyekuwa steringi.

Nilikuwepo siku ile mchi uliponyanyuliwa, kwa hiyo msidanganywe na wanaosimulia vijiweni. Nilikuwa nimeolewa karibuni, hina bado haijanitoka kucha. Mwenye sinema alikuwa marehemu Mbaruku, mpiga video za harusi. Hakuolewa mtu upande huu bila kamera ya Mbaruku kumfuata mpaka puani. Sasa mwaka ule akashikwa na kichaa cha kutengeneza sinema ya ngumi, ya kwetu wenyewe. Hadithi yenyewe nyepesi: jambazi aitwaye Jabari anampora yatima nyumba ya urithi kule Winde, yatima anakwenda msituni kufundishwa kupigana kwa fimbo, anarudi, kinawaka. Yatima akawa Ishaka. Ujambazi akapewa Kulwa, Mnyamwezi mmoja mpasua mbao, pande la mtu, babu yake alikuja pwani na misafara ya mizigo akaonja nazi akakataa kurudi kwao.

Wifi Kuruthumu hakuelezwa chochote kuhusu sinema. Aliambiwa na Mbaruku apike pilau ya watu wengi, na wangekula palepale uani kwake. Mwenzangu, yeye ni mpishi wa shughuli tangu ujana wake, na Mbaruku hajawahi kumfuata kwa jambo lingine ila harusi. Basi akajua ni harusi. Asubuhi nzima ananiuliza, "Wifi, bibi harusi wanamleta saa ngapi?" Mimi nikadhani ananichokoza kwa vile na mimi ni bibi harusi mpya, nikamjibu, "Si huyu hapa, humwoni?" Akanisonya, akaenda nyuma ya nyumba kutwanga tangawizi na thomu.

Huko nyuma ndiko alikosikia makelele ya uani, sinema imeshaanza kupigwa. Akatokea pembeni ya jiko, na alichokiona ni jitu limembana mdogo wake ukutani kwa shingo, mkono mwingine umeshika panga. Hakuuliza. Mchi alikuwa nao mkononi.

"Mwachie mtoto wa mama yangu, baradhuli we!"

Ukatua kwenye bega la kushoto. Ule mlio mnaousikia kwenye sinema haukutiwa baadaye na mafundi. Ule ni mfupa wa Kulwa. Mbaruku hakuzima kamera kwa kuwa alikuwa ameganda, na ukisikiliza vizuri utamsikia nyuma anasema, "Yarabi!" Kisha picha inacheza-cheza, unaonekana ukuta, inaonekana mbuzi ya nazi, unaonekana uso wangu nimeachama mdomo. Huo ndio uigizaji wangu wa pekee duniani, na wanangu hawanipi raha nao.

Ikabidi hadithi igeuzwe. Jabari hakuweza tena kurusha ngumi mbili, basi sehemu yote iliyobaki anapigana mkono mmoja, mwingine umefungwa kwa kanga ya wifi. Watu wa Tanga wakasema huo ni ufundi mkubwa, kumpa jambazi kilema ili mtu amwonee huruma. Ufundi! Ufundi wa tangawizi.

Kesho yake ndugu zake Kulwa wakateremka kutoka Lugoba, nyuso zimevimba kwa hasira. Wanamtaka aliyemvunja ndugu yao. Wifi akatoka akasimama mlangoni. Mzee wao akamuuliza, "Wewe binti, kabila gani?"

"Mzaramo."

"Mzaramo wa wapi?"

"Wa hapahapa. Ulitaka niwe wa wapi?"

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hapelekwi barazani, halipishwi, haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemtoa kwenye utani, umemfanya mtu baki. Kwa hiyo wakaingia uani bila hodi, wakakamata jogoo la wifi, wakabeba na kiporo cha pilau na sufuria yake, wakaondoka wanaimba. Wifi akawafukuza kwa matusi mpaka barabarani. Mambo yakaisha hivyo.

Yaliisha kwao. Bega la Kulwa halikuisha. Liliunga upande, na mpasua mbao asiyeweza kuvuta msumeno hana kazi. Akahangaika, mwishowe akapata ulinzi kwenye nyumba moja ya wageni kule Bagamoyo mjini. Ila kitu kimoja hakikumpungukia, nacho ni jina. Sinema ilienea kwa kanda, ikaenea kwa sidii, kila kibanda umiza cha video pwani nzima kikaionyesha mpaka ikachakaa. Wageni wakifika getini wanapiga ukelele, "Jabari!" Wanataka kupiga naye picha. Wanataka washike bega. Naye analitoa, anasimulia, anamtukana wifi yangu kwa furaha. Kila Idi anakuja Mlingotini kuchukua kuku bila kuomba, na wifi anamwambia kuku wa mwaka huu ana sumu. Mama yao wifi na Ishaka alipofariki, Kulwa ndiye aliyezuia jeneza mlangoni akisema bibi hatoki mpaka arudishe kahawa yake yote aliyokunywa, na waliokuwa wakilia wakacheka. Tuliishi hivyo.

Basi mwaka jana akaja Lulu. Lulu ni binti wa Mbaruku, kasomea mambo ya filamu, kaja na lori la vyombo na vijana waliovaa kofia nyuma-mbele. "Shikamoo shangazi," akamwambia wifi. "Marahaba mwanangu, umekuwa baba yako mtupu." Lulu akaeleza: anaitengeneza Kisasi cha Winde upya, iingie kwenye simu za dunia nzima, na ile sehemu ya mchi ifanyike uani palepale, na mpiga mchi awe Kuruthumu mwenyewe. Ishaka akapewa nafasi ya mzee wa msituni anayefundisha fimbo. Tangu siku hiyo mume wangu akawa anatembea na fimbo ndani ya nyumba, na kuni za kupasua hazioni.

"Na Jabari?" wifi akauliza.

"Jabari tumempata Dar, shangazi. Anaitwa Abdulwahab. Ukimwona utampenda."

Kulwa alisikia, maana habari za Mlingotini hazilali njiani. Akaja siku hiyohiyo. Alianza na matusi kama kawaida, akasema Wazaramo wameshindwa hata kuigiza wenyewe mpaka wakaazime mtu. Wifi akamjibu kwa tusi kubwa kuliko hilo. Kisha Kulwa akakaa kwenye kibao cha mbuzi, na mimi niliyekuwa nachambua mchele nikamsikia anasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Kuruthumu, sinema hii ndiyo kitu nilichopata kwa bega hili. Watoto wa sasa wataiona mpya, ya zamani itakufa. Wakiweka mtu mwingine, mimi bega langu limevunjika bure."

Wifi hakutafuta neno. "Utaingia," akasema. "Nimesema mimi."

Mnaomjua wifi yangu mnajua akisema hivyo. Nilianza kumwonea huruma Lulu.

Lakini Lulu naye ana kichwa chake. Akamwambia kwa adabu kwamba Jabari wa sasa anaruka ukuta, anapigana na watu sita kwa mpigo, na mzee Kulwa hata kupanda pikipiki anasaidiwa. Atamweka miongoni mwa watazamaji, atasimama nyuma. Wifi akasema, "Haya." Na haya ya wifi si kukubali. Haya ya wifi ni kukaza mkaja.

Kabla ya kuanza, Lulu akatuonyesha ya zamani na vipande alivyokwisha kupiga vya ile mpya, kwenye kitambaa cheupe sebuleni, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Nitasema kweli, sina sababu ya kusifu cha zamani kwa vile ni cha kwetu. Ya zamani ina aibu zake. Ng'ombe mmoja anapita mara mbili akienda upande uleule. Maiti anajikuna. Wakati Jabari anatoa kitisho chake kikubwa, adhana inaanza, na waigizaji wote wanatulia kwa heshima, jambazi kwa yatima, mpaka mwadhini amalize. Vijana wa Lulu walicheka mpaka machozi, nasi tukacheka, tungefanyaje. Mpya ni kitu kingine. Ina kamera inayoruka, inaiona Winde kutoka juu na mikoko yake yote, nikajikuta nasema mashaallah. Damu inaonekana damu. Ngumi zinakwenda kasi hata huzifuati. Kila kitu kimeizidi ile ya baba yake.

Ila nilikuwa nikitazama moyo umetulia tuli. Mtu anatupwa dirishani, nami nawaza kama nimefunika wali. Wifi aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Hawa hawaumizani." Nikamwambia hiyo ndiyo maana ya kuigiza. "Basi mimi kuigiza sijui," akasema. "Ile siku sikuigiza."

Na kweli hakujua. Siku ya kupiga, baada ya swala ya alasiri, uani pamejaa kijiji kizima nyuma ya kamba. Wifi kashona dera jipya, kajipaka wanja. Mchi wa sifongo umepakwa rangi ya mti, huwezi kuujua. Abdulwahab katoka, kijana mzuri wallahi, kifua kama kabati, akambana ukutani yule yatima mpya. Lulu akasema anza. Wifi akatokea pembeni ya jiko, akafika, akasimama mbele ya Abdulwahab.

"Samahani, baba," akasema.

Kata. Wakarudia. Safari hii alimgusa begani kama anayepima papai sokoni. Abdulwahab, maskini, akaanguka kwa kishindo na kupiga ukelele, na wifi akatupa mchi akamkimbilia. "Umeumia, mwanangu?" Watu nyuma ya kamba hawana mbavu. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo.

"Shangazi," Lulu akamwambia, "mkasirikie."

"Nimkasirikie kwa lipi? Kaja kwangu, kanipa shikamoo, kala wali wangu kaosha na sahani. Wewe kijana, kabila gani?"

"Mrangi, bibi. Wa Kondoa."

"Unaona?" wifi akamgeukia Lulu. "Mrangi sina utani naye. Nikimpiga huyu nimempiga kweli. Nitakwenda kumwambia nini mama yake?"

Wakarudia, wakarudia. Jua linateremka, vijana wa kofia wanatazama saa. Lulu kakaa chini na kichwa mikononi. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya kamba:

"Mzaramo kachoka! Mpeni mwiko, mchi haumfai tena!"

Kulwa. Wifi akageuka kama aliyeitwa kwa jina la utotoni. "Nani anasema? Ni wewe, mzao wa wapagazi? Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora, wewe umeshindwa kubeba bega lako mwenyewe!"

"Nani alilishusha? Si wewe, mchawi wa pilau?"

Na mchi ukapanda. Mwili wote wa wifi ukabadilika, shingo ikasimama, dera likapepea, na kijiji kikapiga vigelegele. Lulu aliona. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nami namsifu kwa hilo. Akawaambia wa kamera wasizime, akakata kamba kwa mkono wake. "Mzee Kulwa, ingia! Wewe ni baba yake Jabari. Mwanao anakuja kupigwa mchi, unaingia kati. Upigwe wewe!"

Kulwa akaingia. Koti lake la ulinzi akalivua, akamkabidhi Ishaka, akabaki na fulana. Nilimtazama wifi na nikaona kitu kinaingia usoni mwake. Kwa miaka yote ile lile bega tulikuwa tukiliona chini ya koti, chini ya kanzu, limefunikwa na mzaha. Sasa liko juani. Mfupa umetoka mahali pake, mkono umekauka kuliko mwenzake, na yule aliyekuwa pande la mtu kasimama kaelemea upande mmoja. Anatabasamu. Anasubiri.

Mchi ulikuwa juu. Ukateremka polepole.

"Pole, Kulwa," wifi akasema.

Tulidhani imo kwenye hadithi, mpaka akaendelea.

"Pole kwa bega na pole kwa kazi yako. Nilikukatia riziki yako, kisha nikakaa nacheka. Nisamehe."

Machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Nilidhani na Kulwa atalia. La hasha! Uso wake uliiva. Tangu nimjue sijapata kumwona Kulwa amekasirika, hata kwenye sinema alikuwa anajilazimisha, na sasa nikamwona.

"Una wazimu?" akamwambia kwa sauti ya chini. "Unaniomba radhi mimi? Mimi nimekuwa nani kwako leo?"

"Kulwa..."

"Ukiniomba radhi, basi siku ile nilipigwa na adui. Na huyo adui nimekula kuku zake, nimemzika mama yake, nimecheka naye nyumbani kwake mpaka nimezeeka. Nitakuwa mpumbavu wa namna gani? Nilipigwa na mtani wangu, Kuruthumu. Ndiyo maana niliweza kuishi nalo. Usininyang'anye. Yarudishe maneno yako."

Wifi yangu, ambaye hajawahi kurudisha neno tangu azaliwe, akafuta uso kwa mkono wa dera.

"Nimeyarudisha," akasema.

"Piga basi. Na upige kama mtu mwenye meno."

Akampiga, kwenye bega lilelile, kwa nguvu zote alizonazo, na tusi alilolitoa lilikuwa jipya na siwezi kuliandika. Sifongo ni sifongo, lakini Kulwa alianguka chali mchangani akicheka mpaka akakohoa, na wifi akasimama juu yake akimwambia wapagazi huwa hawaanguki na mzigo mdogo hivyo. Lulu hakusema kata kwa muda mrefu.

Jioni ile Lulu alikuwa na furaha inayopita kiasi. Alisema yale maneno ya radhi ndiyo roho ya sinema nzima, hajaona kitu kama kile popote. Kulwa akamwita kando. Nilikuwa napakua, nikasikia. "Mwanangu, mimi niweke. Uso wangu uweke, kuanguka kwangu kuweke. Ile pole itoe. Ile haikusemwa." Lulu akabisha, akabembeleza, akasema ataiharibu sinema. Kulwa akamjibu tu kwamba baba yake angeelewa. Na mtoto wa Mbaruku akaitoa. Alikata maneno yote, ya wifi na ya Kulwa, akabakiza wifi anafika na mchi juu, anaushusha, kinapita kimya, kisha unapanda tena na kupiga.

Mpya imetoka na watu wameipenda. Kulwa sasa anasalimiwa na watoto ambao ile ya zamani hawaijui. Lakini wabishi hawaishi, kila kijiwe wanazilinganisha, na wanaoshikilia ya zamani wote wanataja pale pale: mama wa mchi wa zamani alipiga bila kufikiri, huyu wa sasa anasita mno, kaharibu. Wifi akisikia anaendelea kukuna nazi yake. Kulwa anawajibu kwamba Wazaramo wakizeeka ndivyo walivyo.

Na mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza kama wao. Lakini juzi kijana mmoja alisimama mlangoni kwangu ananieleza, mimi, kwamba wifi yangu pale alisahau la kufanya. Hakusahau. Alikuwa anaomba radhi, na mwenye bega akaikataa.